Tupeane uzoefu: kuandaa mujra wa Umrao Jaan, ule wa Rekha au wa Aishwarya?

Mleta mada: Wapenzi wa picha za Kihindi, tangu Umrao Jaan ya 1981 irudishwe kwenye kumbi za India mwaka 2025 ikiwa imesafishwa, ubishi wa zamani umefufuka. Anayetaka kupeleka mujra (dansi na nyimbo za watumbuizaji wa kike wa India ya zamani) jukwaani achukue nyimbo za picha hiyo ya Muzaffar Ali, aliyoicheza Rekha, au za marudio ya J.P. Dutta ya 2006, aliyocheza Aishwarya? Leteni uzoefu wa kazi yenyewe: njuga, gauni, mapigo, na wapi mambo huharibika.

Njuga Mia: Huharibikia miguuni. Njuga za kathak, dansi ya kaskazini mwa India, hupangwa kwenye kamba ya pamba, kila moja na fundo lake, zisigandane. Anayeanza, 50 kila mguu zinamtosha. 100 baadaye, kifundo kikishakomaa. Anza kuzungusha juu kidogo ya mfupa wa kifundo, panda juu, kila mzunguko ugusane na wa chini yake, kisha ncha ichomekwe ndani. Ukilegeza, zinateremka hadi kisiginoni ukizunguka mara mbili tatu. Ukikaza mno, vidole vinakufa ganzi. Weka kitambaa chembamba chini yake.

Kisigino: Kitambaa hapana! Kinateleza na jasho na kuondoka na kamba. Ngozi izoee.

Sikio la Tabla: Wengi wanachelewa kwa sababu wanahesabu kwa maneno ya wimbo badala ya tabla, ngoma za Kihindi. Mkicheza kipande cha teentaal, mzunguko wa mapigo, kuna mapigo 16, manne manne. La 1 ndilo sam, la 9 ni khali, mkono unapunga badala ya kupiga kofi. Mkitaka kufunga kwa tihai, fungu lenye mapigo 5 lirudiwe mara 3 bila kupumzika. Anzeni pigo la 3, na la 15 litatua kwenye sam barabara. Mkianza la 4 mnapitiliza, na ukumbi mzima utajua, hata asiyejua teentaal ni nini.

Fundi wa Marinda: Peshwazi, gauni la mujra, ishonwe kwa kitambaa chepesi, vipande vya pembetatu, upindo ukae vidole vinne juu ya kifundo ili njuga zionekane. Msijaze zari nzito upindoni. Mchezaji akisimama ghafla, gauni linaendelea kuzunguka na kumviringa miguu. Mtandio ubanwe sehemu tatu: utosini na mabegani.

Shabiki wa 2006: Mnaongea kama marudio hayafai kitu. “Salaam” ya Anu Malik, sauti ya Alka Yagnik, ni rahisi kwa kundi la wasichana sita kuliko wimbo wowote wa 1981. Na Khanum, mwenye nyumba ya watumbuizaji, alivyochezwa na Shabana Azmi hana mpinzani.

Sikio la Tabla: Anaye: mama yake mzazi. Khanum wa 1981 ni Shaukat Kaifi. Nyimbo za Khayyam, mtunzi wa muziki wa 1981, ni ngumu kwa sababu alimtaka mwimbaji Asha Bhosle ashushe sauti kuliko alivyozoea. Sauti ikishuka vile, mikono haiwezi kuharakishwa. Mstari mmoja unaimbwa mara tatu: kwanza yaonyeshe macho, mara ya pili mkono, mara ya tatu nyusi tu. Kwa Dutta kamera inamkatakata mchezaji kabla ishara haijaisha, basi wanaojifunza humo wanajifunza nusunusu.

Shabiki wa 2006: Aishwarya anacheza vizuri. Kamera si kosa lake.

Binti Pwani: Hilo nakubali.

Mwenye Riwaya: Tokeni kwenye njuga kidogo. Kisa chenyewe, kwenye riwaya ya Mirza Hadi Ruswa ya 1899, ni cha Amiran, mtoto wa Faizabad. Anaibwa na Dilawar Khan kwa sababu baba yake alitoa ushahidi dhidi yake, anauzwa Lucknow kwa Khanum, anakua kuwa Umrao. Miaka inapita, anaitwa kutumbuiza Faizabad, karibu na nyumba yao. Katika ya 1981 anaimba akiwatazama majirani waliomlea, mama anamtambua, ndugu yake anamfukuza. Pale hakuna chakkar, yaani kuzunguka, ya kuokoa onyesho. Ni uso. Asiye na uso huo asiguse wimbo ule. Dutta naye ana picha yenye urefu wa saa tatu, lakini kilio chake kwenye “Agle Janam Mohe Bitiya Na Kijo”, sauti ya Richa Sharma, kinaelezwa hadi kinachosha.

Njuga Mia: Kinachosha? Ndicho bora kuliko vyote mle!

Binti Pwani: Bora au si bora, wimbo huo unamwomba Mungu mwimbaji asizaliwe tena akiwa mtoto wa kike. Harusini msiuweke. Chukueni “Dil Cheez Kya Hai” ya 1981, anzeni mmekaa, mguu wa kulia mbele, msisimame mpaka ubeti wa pili, na mpiga tabla akae upande anaouona mchezaji.