Klasi ya ndani niliyoiandika upya haifuatwi na klasi mama: naomba ushauri

Mleta uzi, Moshi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, programu ndogo ya kupanga safari za Mlima Kilimanjaro. Klasi mama (ile inayorithiwa na nyingine), Safari, ina klasi ya ndani, yaani iliyoandikwa ndani yake, iitwayo Malazi, ambayo methodi (kitendo) yake eleza() hurudisha neno "mahema". Kwa kuwa wageni wa njia ya Marangu hulala vibandani, katika SafariYaMarangu, inayoirithi Safari, niliandika klasi nyingine ya ndani kwa jina lilelile la Malazi, na eleza() yake hurudisha "vibanda". Kompaila, programu inayotafsiri na kukagua nilichoandika, haikulalamika, lakini ratiba ya Marangu bado inatoka na mahema. Malazi huundwa na andaaRatiba(), methodi iliyomo katika klasi mama. Nimekosea wapi?

Mchangiaji, Arusha
Kompaila imenyamaza kwa sababu hujavunja sheria yoyote. Katika Java, klasi mtoto (inayorithi) huandika upya methodi, wala si klasi ya ndani; Malazi zako mbili zimefanana jina tu, hazina undugu, na andaaRatiba() inaposema new Malazi(), jina hilo limekwisha kufungwa kwenye Safari.Malazi tangu wakati wa kukompaili. Ungeweka @Override, alama ya kuiambia kompaila kwamba unaandika upya methodi ya mama, juu ya eleza() ya mtoto, kosa lingeonekana siku ileile, maana hapakuwa na methodi ya kuandikwa upya.

Kwanza, Malazi ya mtoto iirithi Safari.Malazi. Kisha, ndani ya Safari, weka methodi undaMalazi() inayorudisha new Malazi(), isiwe private (yaani ya Safari pekee, isiyoonekana kwa mtoto), na andaaRatiba() iite hiyo badala ya kuunda yenyewe. SafariYaMarangu itaiandika upya undaMalazi() ili irudishe Malazi yake.

Mchangiaji mwingine, Moshi
Huenda mleta uzi ametokea kwenye Python, ambako self.Malazi() ingeipata klasi ya mtoto, kwa kuwa jina hutafutwa kwenye kitu chenyewe programu inapoendeshwa. Lugha ya Beta, iliyotoka Skandinavia, iliruhusu hata klasi za ndani ziandikwe upya. Java ilipozileta klasi hizo katika toleo la 1.1, mwaka 1997, haikufuata njia hiyo.

Mleta uzi
Ni kweli, nimetokea Python. Vibanda sasa vinaonekana, nashukuru. Hata hivyo nimeongeza kwa mtoto sehemu ya idadiYaVitanda, niliyoipa thamani palepale ilipotangazwa, na Malazi mpya inainakili inapoundwa, lakini inapata 0.

Mchangiaji, Arusha
Bila shaka unaita undaMalazi() ndani ya konstrakta ya Safari, yaani sehemu inayoendeshwa kitu kinapoundwa. Konstrakta ya mama humaliza kazi kabla sehemu za mtoto hazijapewa thamani, kwa hiyo methodi ya mtoto inaitwa wakati mtoto mwenyewe hajakamilika. Iondoe humo, iitwe ratiba inapohitajika.

Mleta uzi
Ndimo ilimokuwa, niliihamishia huko jana usiku nikidhani ninapanga msimbo vizuri. Nimeirudisha kwenye andaaRatiba(), na vitanda vimehesabika.