Msaada: lupu ya bash inaishia seva ya kwanza, na huko IRC nimeambulia maswali tu

Fundi_wa_Matawi:

Wakuu habari za jioni. Kuna kaskripti ka bash kananisumbua kazini. Nina listi ya seva za matawi kwenye faili maduka.txt, jina moja kila mstari, skripti inatakiwa ipite moja moja kwa lupu iangalie diski imebaki na nafasi kiasi gani halafu mwishoni iniambie imepitia ngapi. Inapita ya kwanza tu halafu inatoka, hakuna erori hakuna nini, kimyaa, na hesabu ya mwisho inaleta 0 wakati moja imepita naiona kwa macho yangu.

Jamaa mmoja akanishauri niende IRC, ile ya kuchati kwa maandishi, kwenye chaneli moja ya mambo ya sheli (programu za kupokea amri kama bash) eti ndiko waliko wababe wenyewe. Nikaingia nikasalimia, nikauliza kuna mtu anajua bash humu, kimya. Nikauliza tena, kimya. Nikapesti skripti nzima pale pale, nikatolewa nje. Nikarudi nikaifupisha ili wasichoke kusoma:

```
cat maduka.txt | while read seva; do
  echo $seva
done
```

Mmoja akasema kwake inafanya kazi. Mwingine akasema weka alama za nukuu kwenye variabo. Wa tatu ananiuliza unataka kufanya nini hasa, nikamjibu nataka lupu iende mpaka mwisho, akarudia swali lile lile kama vile sijaongea! Mara boti ikanitupia linki, mara bando likakata, kurudi sioni hata mstari mmoja wa nyuma.

Naomba kujua hawa watu mtu anaongea nao vipi, na kama kuna anayejua lupu yangu ina nini basi anisaidie tu hapa hapa.

Bi_Terminali:

Pole mkuu. Hiyo uliyoweka hata kwangu inafanya kazi, inaprinti majina yote. Kwenye skripti yenyewe ndani ya lupu kuna nini? Lete ile inayogoma usiikate, majina ya seva badilisha kama ni siri ila mistari yote iache, na useme uko kwenye nini na bash toleo gani.

Fundi_wa_Matawi:

Ubuntu 22.04, bash 5.1. Hii hapa dada:

```
#!/bin/bash
n=0
cat maduka.txt | while read seva; do
  ssh bakapu@$seva "df -h /"
  n=$((n+1))
done
echo "Nimepitia $n"
```

Bi_Terminali:

Haya sasa, ni hiyo ssh, amri ya kuingia seva ya mbali.

Lupu yako inasoma majina kutoka kwenye ingizo la kawaida, yaani stdin. Ssh nayo ukiiita bila kuizuia inasoma stdin hiyo hiyo ili iipeleke kule kwenye seva, haijui kama hiyo ni listi yako. Kwa hiyo read inachukua jina la kwanza, ssh inaanza, inakomba majina yote yaliyobaki inayapeleka kwa df (amri ya kuangalia diski) ambayo haina shida nayo, read ikirudi inakuta patupu, lupu inaisha kwa amani kabisa. Ndiyo maana huoni erori, kwa upande wa bash hakuna kilichoharibika. Ffmpeg, ile ya kubadilisha video, nayo ina tabia hiyo hiyo.

Na ile 0 ni jambo jingine kabisa. Ukiweka bomba la `|` kabla ya while, bash inaiendesha lupu kwenye mchakato mdogo wa pembeni, n inaongezeka huko huko na kufa huko huko, ya kwako ya juu haijaguswa. Kwa hiyo toa cat, faili iingize chini:

```
#!/bin/bash
n=0
while IFS= read -r seva; do
  ssh -n "bakapu@$seva" "df -h /"
  n=$((n+1))
done < maduka.txt
echo "Nimepitia $n"
```

Hiyo -n inaiambia ssh isiguse stdin. Kama siku moja amri ya kule kwenye seva itahitaji kusoma unachochapa, mpe read mlango wake: `read -r seva <&3` na mwishoni `done 3< maduka.txt`.

mzee_wa_tmux:

Bi Terminali kamaliza, mimi niongeze hiyo ya pembeni kisha nije kwenye swali la kwanza ambalo naona watu wanalikwepa. Kwenye ksh na zsh, sheli nyingine kama bash, kipande cha mwisho cha bomba kinaendeshwa kwenye sheli yako yenyewe, kwa hiyo n ingebaki. Bash toka 4.2 ina `shopt -s lastpipe` inayofanya hivyo kwenye skripti, ila nakushauri zoea `done < faili`, inaeleweka popote.

Sasa IRC. Sijui uliingia chaneli gani, mimi ninayokaa miaka ni #bash ya mtandao wa IRC wa Libera.Chat (ukikuta maelekezo ya zamani yanasema Freenode, watu wengi walihama mwaka 2021, usijisumbue kule). Salamu pale siyo dhambi ila haijibiwi, siyo dharau, watu wako kazini kwao na dirisha limefunguka pembeni, wanachungulia wakiona swali. Swali la "kuna mtu anajua bash?" halina cha kujibu, mtu hawezi kusema ndiyo kabla hajajua anajitia kwenye nini. Tupa swali lenyewe moja kwa moja kwenye mstari mmoja au miwili: nilitaka nini, nimeendesha nini, kimetokea nini. Skripti usimwage mle ndani, mistari mingi kwa mpigo inahesabika mafuriko na ndiyo kilichokutoa. Ipeleke tovuti ya kupesti ulete linki, ukiwa kwenye terminali ni mstari mmoja tu:

```
nc termbin.com 9999 < skripti.sh
```

inakurudishia linki. Ila angalia kwanza humo ndani hakuna nywila, maana hiyo linki yeyote anaisoma.

Na lile la kuulizwa unataka nini hasa, mkuu wangu, pale walikuwa wanakusaidia. Watu wengi wanakuja na swali la hatua waliyokwama wakati njia nzima siyo hiyo, mtu anauliza namna ya kukata herufi tatu za mwisho za jina la faili kumbe anachotaka ni aina ya faili, na faili zake nyingine zinaishia .jpeg. Ungewajibu "nina seva kadhaa naingia kwa ssh kila moja naangalia diski" ungesikia jibu hata kabla hujapesti, neno ssh na neno while read kwenye sentensi moja wanalijua kwa harufu. Ni namba 89 kwenye BashFAQ, ile orodha ya maswali yanayoulizwa sana ya bash, kwenye wiki ya wooledge, na ile ya hesabu kupotea kwenye bomba ni namba 24. Linki ambazo boti inatupa mara nyingi zinaenda huko, zisome, zimeandikwa na watu waliochoka kujibu jambo moja kila siku na zina majibu marefu kuliko mtu angekuchapia.

Kamau_wa_Cron:

Mimi niko Nairobi na hiyo chaneli nimeizoea. Kitu kimoja watakuuliza kila saa ni unairun aje. Ukiandika `sh skripti.sh` kwa Ubuntu hiyo si bash, ni dash, sheli nyingine ndogo, tangu 2006 iko hivyo, na shebang yako ya juu (ule mstari wa `#!/bin/bash`) haisomwi. Halafu unaona `[[: not found` unashangaa. Run na `bash skripti.sh`, na kama inaleta shida `bash -x skripti.sh` ikuonyeshe kila amri vile imepanuliwa, hiyo output ndio unapesti. Na kama uko kwa Mac, bash yao ni 3.2, ya zamani sana, useme mapema.

Pia kabla uende kusumbua mtu pitisha kitu yako kwa ShellCheck, programu ya kukagua makosa ya skripti, iko kwa tovuti na pia ni `apt install shellcheck`. Hii yako ingekuambia bila kukuuliza swali lolote, kuna onyo SC2095 ni la hiyo hiyo ssh kumeza stdin.

Chipukizi_DSM:

Siku hizi si mnauliza tu AI jamani, IRC ya nini tena, mambo ya kale hayo.

mzee_wa_tmux:

Uliza, hakuna aliyekataza. Ila angeipelekea ile skripti aliyoifupisha ingemjibu kuhusu ile ile iliyofupishwa, ingempa mistari mizuri kabisa ya kuprinti majina. Swali la "ndani ya lupu kuna nini" limetoka kwa Bi Terminali.

Bi_Terminali:

Na hilo la alama za nukuu msilidharau, najua linaudhi ukiwa umekuja na tatizo jingine. `$seva` bila nukuu, bash inaikata kwenye nafasi na ikikuta nyota inaigeuza kuwa majina ya faili zilizopo kwenye folda. Kwenye echo unacheka. Kwenye `rm -r $folda` na folda inaitwa "ripoti za 2023" umeagiza vitu vitatu vifutwe, na kama hapo kuna folda nyingine inayoitwa ripoti, imekwenda na maji. Ndio maana kule wakiona variabo iko uchi wanaisema kwanza hata kama siyo iliyokuleta.

Kuhusu bando kukata: IRC yenyewe haikuwekei ujumbe ukiwa haupo. Kama una seva yoyote unayoweza kuacha imewaka, weka weechat au irssi (programu za IRC) ndani ya tmux, inayoacha terminali ikiendelea hata ukikatika, ukirudi unasoma yote. Kama huna, uliza muda ambao utakaa. Saa tatu usiku kwetu New York ni mchana na Ulaya bado jioni, chaneli inakuwa na watu. Ukiuliza ukaondoka baada ya dakika tano, atakayejibu baada ya nusu saa atakuta haupo.

Fundi_wa_Matawi:

Wakuu nawashukuru sana, imepita matawi karibu yote na hesabu inakuja! Ssh -n ndiyo yenyewe. Sasa kilichobaki, tawi la mwisho kwenye listi halipitiwi kabisa. Nimehakikisha jina liko kwenye faili, nikilisogeza katikati linapita, na linalokuwa la mwisho ndilo linaachwa. Listi inatemwa na programu yetu ya stoo siyo mimi ninayeichapa kwa mkono. ShellCheck haisemi kitu.

Bi_Terminali:

Hiyo programu haimalizii mstari wa mwisho kwa alama ya mstari mpya. Read inalisoma jina lakini inarudisha kwamba imeshindwa, lupu inatoka kabla ya kulifanyia kazi. Hakikisha kwa `tail -c1 maduka.txt | od -c`, usipoona \n (ndiyo alama hiyo) basi ni hivyo. Dawa:

```
while IFS= read -r seva || [[ -n $seva ]]; do
```

Na ukipitisha faili zima kwa `od -c maduka.txt` ukaona \r, programu yenu iko Windows, rudi tena hapa.