Huyu mtu ananitafuta ubaya: pingili 192 nimetoboa kwa mkono, yeye anakuja na "vuuum"

Wakuu, habari za jioni, yangu si nzuri. Jina simtaji, mnamjua. Yule ambaye kila uzi wa vifaru yupo, ameshatengeneza vyote, picha hajawahi kuweka hata moja.

Nina modeli ya Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, ya kuunga, kipimo 1/35 (mara 35 ndogo kuliko cha kweli), nafuatisha ile namba 131 ambayo Waingereza waliikamata Tunisia Aprili 1943, leo iko makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza. Minyororo ya plastiki ya kwenye boksi imebenuka juu ya magurudumu kama lastiki ya bukta. Nikaagiza ya chuma. Pingili 96 kila upande, na tundu zimezibwa na mabaki ya kalibu. Keekee ya mkono, ncha ya nusu milimita, zungusha, zungusha. Unakata waya uwe pini ya kuunga pingili, unachomeka, unadondosha gundi kwa ncha ya sindano. Tone likizidi linanyonywa ndani, pingili mbili zinaganda kama sato wa friza. Kidole gumba changu hata simu haikitambui tena.

Jana nikamaliza. Mnyororo umejilaza juu ya magurudumu kwa uzito wake mwenyewe, nikakaa kuutazama kama mtoto mchanga. Nikamwalika. Hilo kosa langu, nakubali. Kaingia na mikono ya chipsi mayai, kaninyanyulia kifaru, kakiweka mezani, kakisukuma: VUUUM.

Vuuum, wakuu. Mtu ana mvi.

Pini tatu zikachomoka, mnyororo wa kushoto ukamwagika chini kama jongoo, pingili moja hadi sasa haijulikani iliko. Naye ananitazama: "Kwani ya plastiki ilikuwa na shida gani?"

VUUUM! Saa tisa usiku bado naisikia. Afungiwe maisha.

Fuvu la Samaki: Nimeweka kambi hapa. Karanga ninazo.

Mzee wa Tupa: Pole mkuu. Ila pini tatu kwa vuuum moja? Hapo gundi hukuweka, sema ukweli.

Mleta uzi: Niliweka! Hukuona alivyosukuma. Vuuum, mpaka ukingoni mwa meza!

Mama Kibano: Hata mimi ningesukuma.

Kutu Nyekundu: Nimeikuza picha yako ya juzi. Mnyororo wa kulia umeufunga kinyumenyume. Linganisha na picha yoyote ya 131.

Mleta uzi: Hapa tunajadili tabia ya mtu, hatujadili mnyororo wa kulia.

Fuvu la Samaki: 😂😂 kakwepa kama daladala ikiona trafiki

Kutu Nyekundu: Askari wa Tiger wenyewe walikuwa na minyororo ya aina mbili: ya vita upana sm 72.5, ya kupandia treni sm 52, maana ile mipana ilizidi behewa. Wakifika wanabadilisha tena. Kifaru cha tani 57. Wewe unalilia pingili moja.

Mleta uzi: Hakuna aliyewafanyia vuuum.

Mama Kibano: Afadhali yako. Mimi niko na T-34, kile kifaru cha Warusi, pingili 72 upande, moja ina jino, inayofuata haina. Nimefika ya 60 ndiyo naona ya 11 na ya 12 zote zina meno. Mume wangu anauliza kuna msiba wa nani.

Mzee wa Tupa: T-34 ya kweli pini zake zilikuwa zinatembea tu. Zikitokeza upande wa ndani, kuna bamba kwenye bodi linazigonga zirudi. Mleta uzi angeweka bamba tusingekuwa hapa.

Fuvu la Samaki: Jamani hizi ncha za nusu milimita mnapata wapi? Nimevunja nne wiki hii. Fundi simu mmoja Kariakoo ananiuzia kama dhahabu.

Mama Kibano: Unabana mkono. Iache izunguke yenyewe, usisukume.

Kutu Nyekundu: Mwambieni na yule mwingine asisukume 😂

Mleta uzi: Wakuu! Pingili nimeipata! Ilikuwa imenasa kwenye soli ya ndala.

Fuvu la Samaki: Hongera. Ncha zako wewe unanunua bei gani?