Mgeni akifika kanisani: apewe kiti kwanza au aulizwe barua kwanza?

Mleta mada, Vihiga

Bwana asifiwe. Hoja hii nimeibeba miezi mitano na sasa naiweka mbele yenu.

Nimelelewa Nakuru mjini. Kule Jumapili asubuhi mtaa mmoja unaamshwa na ngoma za Wakorino, kengele ya Wakatoliki na spika za Wapentekoste, na jirani hakuulizi unaelekea wapi. Mwaka huu nilipata kazi ya uuguzi huku Vihiga, nikahama na binti yangu wa miaka sita. Sina mume. Tuliachana, na mahakama ilishamaliza shauri letu.

Jumapili ya kwanza niliingia kanisa lililo karibu na nyumba niliyopanga. Wageni tuliambiwa tusimame, tukaimbiwa, tukapigiwa makofi. Mahubiri yalikuwa kwa Kimaragoli, sikushika mengi, lakini nyimbo nilizijua kwa sauti zake nikaimba kwa Kiswahili. Nilirudi nyumbani na furaha. Jumapili ya pili nikaombwa nibaki baada ya ibada. Wazee watatu, meza, daftari. Barua ya kuhama iko wapi? Nilikuwa nayo, mchungaji wangu wa Nakuru aliiandika vizuri. Mzee mmoja akaisoma mpaka mwisho, akainua macho: "Na baba mtoto?" Nikamjibu ukweli. Nikaambiwa kuhudhuria naruhusiwa, ila kwaya na meza ya Bwana vingoje "mpaka mambo yako yaeleweke."

Kanisa silitaji, na naomba asitokee wa kulitafuta. Barua yenyewe siipingi. Ninachopinga ni kuifanya mlango wa kuingilia ndoa ya mtu ambaye hamjamjua hata jina la mtoto wake. Mgeni apewe kiti, apewe kazi, ajulikane. Ya nyumbani kwake atayazungumza na mchungaji siku mchungaji huyo atakapokuwa kweli mchungaji wake. Nakosea wapi?

Mzee wa kanisa, Bungoma

Dada, pole. Nimekaa kwenye meza kama hiyo miaka kumi na nne, basi niruhusu niseme upande wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Barua ni ya siku ya tatu. Sisi hatuulizi ili tumfukuze mtu. Tunauliza kwa sababu siku utakapougua au, Mungu apishe mbali, utakapofariki, mwili utarudishwa kwenu, na kanisa la kwenu litatupigia simu: huyu alikuwa anaabudu wapi huko? Nimeona jeneza likikaa juani saa nzima wazee wakibishana kama marehemu ni wao au si wao. Hakuna aibu kama hiyo mbele ya watoto wa marehemu.

Na tangu Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa kule Kilifi, kanisa lisilouliza mtu ametoka wapi linalaumiwa na serikali na waumini pia.

Lakini hilo swali la "baba mtoto" mbele ya wazee watatu, hapana. Lilipaswa kuulizwa na mama mchungaji, faraghani, baada ya chai.

Mwalimu, Kisumu

Mzee, kwa heshima yote, Shakahola haifai hapa. Kule tatizo lilikuwa mhubiri ambaye hakuna aliyemdhibiti. Dada huyu hakuja kuhubiri, alikuja kukaa kwenye benchi.

Tuangalie huu ugumu ulitoka wapi. Wamisionari walipoingia upande huu waligawana nchi. Marafiki, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana wakaanza Maseno mwaka 1906, na mwaka huohuo Waadventista wakaweka kituo Gendia. Church of God wakashika Kima, Wapentekoste Nyang'ori. Wengi wao walielewana wasiingiliane mashamba, na ndiyo maana mpaka leo unakuta kata nzima ni ya kanisa moja, na babu wa mzee wa kanisa ndiye aliyetoa kiwanja. Mgeni hapo haingii kanisani tu, anaingia kwenye ukoo wa watu. Nakuru ilikua kwa reli na mashamba makubwa, watu walifika kutoka kila upande na kila mmoja akaja na kanisa lake.

Halafu kumbukeni waliofungiwa milango walifanya nini. Wenye wake wengi walinyimwa ubatizo, wenye kunena kwa Roho wakaonekana wakorofi. Daudi Zakayo Kivuli alitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori akaanzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, pale pale Vihiga. Johana Owalo alikuwa ameshaanzisha kanisa la Nomiya kwa Wajaluo miaka mingi kabla yake. Kanisa la Legio Maria likatoka kwa Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mmoja wa waliokusanya watu wengi zaidi alikuwa mwanamke kijana, Gaudencia Aoko. Wazee wetu wanalalamika kwamba makanisa yamekuwa mengi. Mengine yalizaliwa siku mtu aliposimama nje ya mlango na hakuna aliyemfungulia.

Kuhusu Katiba: kifungu cha 32 kinakupa uhuru wa kuabudu, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Hakilazimishi kanisa kukupa mkate na divai. Hapo sheria haitakusaidia, dada. Ni dhamiri za hao watu watatu.

Kijana, Kakamega

Mnajadili sana. Panda matatu uende Kisumu au Kakamega mjini. Kuna ibada za Kiswahili asubuhi, hakuna anayejua wala kuuliza habari za mumeo. Unasali, unarudi.

Mleta mada

Ndugu yangu, nilifanya hivyo wiki sita. Nauli ya wawili kwenda na kurudi kila Jumapili inauma, lakini si hiyo iliyonirudisha. Binti yangu alishikwa na homa usiku nikiwa zamu. Msichana wa kazi alikimbilia jirani, na jirani huyo anaabudu kanisa lilelile lililoniweka pembeni. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Kanisa la mjini halijui hata ninakoishi. Nataka kuabudu na watu wanaoweza kugonga mlango wangu usiku, na ambao naweza kugonga wao.

Mzee wa Bungoma, asante kwa ulivyosema kuhusu chai. Jembe nalitaka. Nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa darasa la saba. Walioninyima jembe ni wao.

Mkatoliki, Nyamira

Mimi naishi katikati ya Waadventista. Jumamosi soko linalala, na nilipohamia nilifua nguo Sabato bila kujua. Jirani hakunikemea. Jumapili yake alikuja kunieleza kwa upole, na tangu hapo nafua Ijumaa. Kwetu pia kuna vikwazo: bila jumuiya ndogo ndogo na kadi ya zaka, mtoto wako habatizwi haraka. Lakini jumuiya ina faida moja. Inakutana nyumbani kwa watu, na siku yako ikifika inakuja kwako. Wakishakunywa uji kwenye vikombe vyako, ni vigumu wakuogope.

Mama, Mbale

Dada, nimesoma yote. Mimi ni wa Marafiki. Sisi hatubatizi kwa maji wala hatuna meza ya mkate na divai, kwa hiyo hakuna meza ya kukutenga nayo. Sisemi hatuna ubaguzi. Tunao, unakaa kwenye macho na kwenye nani anapewa uongozi. Mimi mwenyewe niliachwa mwaka 2009 nikiwa na watoto wanne, na benchi langu lilibaki na nafasi pande zote mbili kwa muda mrefu.

Kilichonitoa pale si mchungaji. Kulikuwa na matanga jirani, nikaenda, nikaosha sufuria mpaka usiku na akina mama. Kwenye moshi wa jikoni la matanga hakuna anayekuuliza barua. Wiki iliyofuata walinitafuta wao. Kwa hiyo usianze na Jumapili. Jumapili ni ya wazee na daftari. Anza na siku ya akina mama. Sisi tunakutana Jumatano saa tisa, tunaomba, tunachanga kidogo kidogo, tunamtembelea mgonjwa kama yupo. Wawili wetu ni wajane, mmoja hajawahi kuolewa. Nikiona wewe ni muuguzi, nakuambia wazi tutakuuliza habari za presha na sukari mpaka uchoke.

Mzee wa kanisa, Bungoma

Mama wa Mbale amesema neno. Nitauliza kwetu, mwezi huu wazee tukikutana, kwa nini mgeni mwanamke anapokelewa na wanaume watatu.

Mleta mada

Mama, Jumatano natoka zamu saa nane. Nitakuja na binti, hana wa kubaki naye. Kimaragoli changu ni cha salamu tu, mtanivumilia. Na barua nitaibeba, ikae kwenye mkoba.