Nishani za babu baharia: anastahili au hastahili?

Asalaam aleikum jamani, na shikamooni wakubwa.

Babu mzaa mama alikuwa mchochea makaa kwenye meli za mizigo za Kiingereza tangu 1942 hadi vita viishe. Nishani hakupata hata moja. Mama amenipa kitabu chake cha ubaharia, pembeni kimeliwa na mchwa, akasema wewe ndiye uko Uingereza, fuatilia. Mtu mmoja ameniambia wasiobeba silaha hawahesabiwi. Ni kweli?

Mjukuu, Leicester

---

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Huyo kakupotosha. Mabaharia wa meli za biashara walistahili nishani zilezile za wanamaji wa manowari, ila wengi hawakuletewa. Ilibidi waombe, na wa kwetu nani angewaambia?

Kinachopimwa ni siku na mahali. Nishani ya Vita ya 1939–45 inataka siku 28 baharini, popote. Nyota ya 1939–45 inataka miezi sita melini, na walau safari moja iwe imepita eneo la mapigano. Siku za kukaa bandarini nchi kavu akingoja meli usizitie. Nyota ya Atlantiki ndiyo inayowachanganya watu: miezi yake sita huanza kuhesabiwa baada ya ile ya kwanza kutimia. Ya Burma nayo ni ya Ghuba ya Bengali. Aliyezunguka pwani yetu tu haimhusu. Kama baharia alikufa au alilemaa kazini kabla ya muda kutimia, hapo muda haumzuii.

Sasa fungua hicho kitabu. Kila mstari una jina la meli, siku aliyoandikwa na siku aliyoachishwa, na mihuri ya kazi na tabia. Lakini penye safari utakuta wameandika tu "nchi za nje", maana wakati wa vita njia za meli zilikuwa siri. Kwa hiyo kitabu kinakupa siku, mahali hakikupi. Mahali utapata Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa: kadi za mwendo wa meli ziko kwenye kundi la nyaraka liitwalo BT 389. Pitia pia BT 395, isije ikawa nishani zilishatolewa zamani. Tafuta kwa namba yake ya baharia, si kwa jina. Khamis mmoja utamkuta Hamis, Kamis, hata Comis!

Maombi yanakwenda ofisi ya usajili wa meli na mabaharia, Cardiff.

Mzee wa Cardiff

---

Shikamoo mzee. Babu yangu mdogo, askari wa mizinga, alizama na meli ya Khedive Ismail, Februari 1944, wakitoka Kilindini kwenda Colombo. Naye aombewe Cardiff?

Bint wa Pwani

---

Marahaba. Hapana binti. Yeye alikuwa askari wa mizinga, meli ilimbeba tu. Kufia baharini hakumfanyi mtu baharia. Faili lake ni la jeshi, kwa hiyo ulizia upande wa jeshi, si Cardiff. Wengi wa waliozama naye wamekumbukwa kwenye mnara ulio makaburi ya vita ya Nairobi.

Mzee wa Cardiff

---

Mzee, Mungu akuzidishie. Nimehesabu: safari tatu, siku 41, 97 na 112. Jumla 250. Meli ya pili nimeikuta Kew, ilipita Mediterania Februari 1943, kwa hiyo inaelekea hata Nyota ya Afrika imo.

Lakini mwombaji wanataka awe mrithi wa karibu, na bibi hayupo, basi ni mtoto mkubwa. Huyo ni Mjomba. Kila nikimpigia anauliza nishani zina shilingi ngapi.

Mjukuu

---

Mwambie haziji na hata senti, na jina la babake halijachongwa humo; nyota za Kiingereza za vita vile hazikuandikwa majina. Ila bahasha itakuja kwa jina lake Mjomba. Hapo atasaini.

Mzee wa Cardiff