Fedha za utafiti wa stoma: wapewe wauguzi, au tununue mifuko kwanza?

MLETA MADA

Wakuu, najua wapo watakaoipita mada hii haraka kwa sababu inahusu choo. Ndiyo maana naileta. Jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja, hata kwenye bajeti halitajwi.

Kwa asiyejua: stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua tumboni, akatoa sehemu ya utumbo nje ili choo kipitie hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Ikiwa ni utumbo mpana huitwa kolostomi, ukiwa mwembamba ni ileostomi, na ya mkojo ni urostomi. Kinachompeleka mtu huko ni saratani, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), utumbo kujisokota, ajali, na wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Wengine hurudishiwa utumbo baada ya miezi kadhaa. Wengine ndiyo mpaka mwisho wa maisha.

Hoja yangu ni hii: kwenye fedha za umma za utafiti wa afya litengwe fungu la utafiti wa kiuguzi kuhusu maisha ya watu hawa, lisiloguswa na maabara wala na watengenezaji wa mifuko. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Baada ya hapo kuna miaka ya mfuko kuvuja usiku, ngozi kuchubuka, mtu kuacha kazi, mtu kuhama chumba ili mwenzake asisikie harufu. Anayekutana na hayo yote ni muuguzi, na kwa sehemu kubwa anayatatua kwa alichorithi kwa waliomtangulia.

Mfano mmoja. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Denmark wa watu 202 wenye stoma za kudumu. Asilimia 45 walikuwa na tatizo la ngozi kuzunguka stoma. Lakini kati ya hao waliokutwa na tatizo, ni asilimia 38 tu waliokubali kwamba wanalo, na zaidi ya asilimia 80 hawakuwa wametafuta msaada wowote. Yaani mtu ngozi inamuungua na anaona ndivyo maisha ya stoma yalivyo. Hilo huwezi kulijua mpaka mtu aketi naye, amvue mfuko na kumwangalia.

Karibuni, hasa mnaopinga.

DAKTARI WA UPASUAJI

Napinga, na sina chuki na wauguzi. Nafanya nao kazi kila siku.

Jambo lililobadilisha maisha ya watu wa ileostomi lilitoka chumba cha upasuaji. Mwaka 1952 Bryan Brooke, mpasuaji wa Birmingham, Uingereza, alionyesha namna ya kuukunjua utumbo kwa nje uchomoze kama kidomo, ili uchafu udondokee kwenye mfuko badala ya kutambaa kwenye ngozi. Kabla ya hapo stoma hizo zilikuwa zinavimba na kuziba. Mpaka leo tunaifanya vilevile. Fedha zikiwa chache, ziende kwenye kugundua saratani mapema na kwenye mbinu za kuunga utumbo, stoma zenyewe zipungue.

Pili, tuambiane ukweli kuhusu ubora. Nimesoma tafiti nyingi za kiuguzi za eneo hili: watu arobaini, hospitali moja, dodoso, basi. Hapo unapanga sera gani?

NINA ILEOSTOMI

Daktari, shikamoo. Kidomo chako ninacho, na nashukuru. Sasa nikueleze kilichonipata baada ya kutoka mikononi mwako, si wewe binafsi.

Nilipotoka hospitali nilipewa kipimo cha tundu la kukata kwenye kibandiko, kile kinachoshika ngozi. Stoma mpya imevimba. Inasinyaa polepole kwa wiki sita mpaka nane hivi. Mimi sikuambiwa. Nikaendelea kukata tundu lilelile. Stoma ikawa ndogo, tundu likabaki kubwa, na katikati ikabaki pete ya ngozi iliyo wazi, inalowa choo cha utumbo mwembamba ambacho bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula. Ngozi ikawa nyekundu, kisha ikawa inatoa majimaji. Kibandiko hakishiki kwenye ngozi yenye majimaji, kwa hiyo mfuko ukawa unavuja, na kila ukivuja ngozi inaharibika zaidi, na kila inapoharibika kinashika kidogo zaidi. Nikaanza kujifunga mkanda na taulo. Nikaacha kutoka.

Muuguzi aliyekuja kunitazama alinyoosha kikaratasi cha kupimia, akakata tundu jipya lililoacha milimita mbili tu kuzunguka stoma, akaninyunyizia unga wa kukausha. Ngozi ikapona. Sasa nauliza, ni watu wangapi wanaondoka na kipimo kimoja na hawaambiwi wapime upya? Ukumbusho uje kwa simu, kwa ziara ya nyumbani, au kwa kikaratasi ndani ya boksi la mifuko? Hilo ni swali la utafiti. Na halihitaji chumba cha upasuaji.

MKAGUZI WA HESABU

Pole sana ndugu. Lakini hadithi yako inaniunga mkono mimi: jibu lilishajulikana. Muuguzi alikuja na jibu mfukoni. Tatizo ni kwamba hakuja mapema. Sasa ukichukua fedha ukafanya utafiti, unapata ripoti ya kusema "muuguzi aje mapema". Ajirini huyo muuguzi.

Na sehemu nyingi za dunia watu bado wanajifunga mifuko ya nailoni na matambara kwa sababu mfuko halisi hawaumudu. Mtu huyo ukimfuata na dodoso la "ubora wa maisha" ni kama kumtania. Mifuko kwanza, watumishi pili, utafiti baadaye.

MLETA MADA

Mkaguzi, hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu. Daktari nitamfikia.

"Ajirini muuguzi" inasikika rahisi mpaka uende kwa mwenye fedha. Atakuuliza: analeta faida gani? Uingereza walilijibu swali hilo mwaka 2005. Wagonjwa 42 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifundishwa kuhusu stoma baada ya upasuaji kama kawaida, kundi jingine lilianza kufundishwa na muuguzi nyumbani kabla ya upasuaji. Waliofundishwa mapema waliweza kujihudumia baada ya siku 5.5, wenzao siku 9. Walitoka hospitali siku ya 8 badala ya 10. Kwa kila mgonjwa ziliokolewa kama pauni 1,119. Hiyo ndiyo karatasi unayoiweka mezani unapoomba nafasi ya ajira. Bila utafiti unaweka huruma, na huruma ikifika kwenye bajeti inakatwa ya kwanza.

Kuhusu jibu kujulikana: sote tunajua mtu wa ileostomi hupoteza maji na chumvi nyingi. Tunajua pia jambo ambalo watu wengi hawalitarajii, kwamba akinywa maji matupu kwa wingi ndiyo anatoa zaidi, kwa sababu maji hayo yanavuta chumvi kutoka mwilini kwenda utumboni. Anahitaji mchanganyiko wenye chumvi na glukosi. Maarifa hayo ni ya siku nyingi na bado watu walikuwa wanarudi hospitali wamekauka. Hospitali moja ya Boston, Marekani, ikaandaa utaratibu: mgonjwa anafundishwa tangu kabla ya upasuaji, anapewa vifaa, anapima mwenyewe anachokunywa na kinachotoka, anaandika. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012: waliokuwa wakirudishwa kwa kukaukiwa maji walikuwa asilimia 15.5, wakawa sifuri. Kujua ni jambo moja. Namna ya kulifikisha kwa mtu aliye peke yake chooni saa nane usiku ni jambo jingine, na hilo ndilo linalochunguzwa na uuguzi.

Daktari, Brooke namheshimu. Lakini miaka miwili tu baada ya kidomo chake, muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, ambaye dada yake aliwekewa stoma na akawa anaogopa kutoka hadharani, alibuni mfuko wenye gundi yake wa kutumia na kutupa. Na mwaka 1958 Rupert Turnbull, mpasuaji mwenzako wa Cleveland, Marekani, alimwajiri Norma Gill awahudumie watu wa stoma. Huyo hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mgonjwa mwenye ileostomi. Miaka michache baadaye wakafungua shule, na kutoka hapo ukazaliwa utaalamu mzima wa uuguzi wa stoma. Turnbull aliona kitu ambacho kisu chake hakikifikii.

DAKTARI WA UPASUAJI

Turnbull umenipata. Ila umeleta tafiti mbili na zote zina doa nililolisema. Ule wa Uingereza ni watu 42. Ule wa Boston haukuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Walilinganisha na wale wa zamani, na huenda mambo mengine yalishabadilika pale hospitalini. Sifuri ya namna hiyo naitilia shaka.

MLETA MADA

Itilie shaka, ni haki yako. Lakini kwa nini tafiti hizi huwa ndogo? Fedha zikiwa chache, watu nao huwa wachache. Marekani ina taasisi ya taifa ya utafiti wa uuguzi tangu miaka ya 1980, na mgao wake haufiki asilimia 1 ya fedha za Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo. Katika mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa fedha 2026, Ikulu yao ilitaka ifutwe kabisa. Huwezi kumpa mtu kijiko halafu umlaumu kisima hakina kina.

MUUGUZI WA STOMA

Nimesoma kimya, sasa niseme lile ambalo hamjaligusa. Utafiti wa stoma unafanyika, na fedha zipo. Sehemu kubwa inatoka kwa kampuni za mifuko. Uingereza wamebishana kwa miaka kuhusu wauguzi wa stoma wanaolipwa mishahara na kampuni hizohizo. Sisemi wanadanganya, bidhaa zao zimewaokoa wagonjwa wangu. Nasema maswali yanachagua upande. Kampuni itachunguza gundi mpya dhidi ya gundi ya zamani. Haitachunguza kama mgonjwa anaweza kutumia vifaa vichache zaidi. Haitalipia utafiti wa kuchora alama ya stoma kabla ya upasuaji, maana pale kinachohitajika ni kalamu na muda: mgonjwa alale, aketi, ainame, asimame, umtazame mikunjo ya tumbo na mahali anapofunga mkanda, ndipo uweke alama kwenye sehemu anayoweza kuiona mwenyewe. Hakuna cha kuuza hapo.

Au ngiri. Miongozo ya madaktari wa ngiri wa Ulaya inakadiria kuwa zaidi ya asilimia 30 ya wenye stoma hupata ngiri pembeni yake ndani ya mwaka wa kwanza. Kila siku naulizwa: ninyanyue kilo ngapi, nianze lini mazoezi, mkanda wa tumbo unasaidia kweli? Najibu kwa uzoefu. Ningependa kujibu kwa kitu kingine.

NINA ILEOSTOMI

Nyongeza moja: kwenye kamati ya kugawa hizo fedha tuwepo sisi, tena kwa kupiga kura, siyo kualikwa siku ya picha. Orodha yangu inaanza na usingizi. Miaka yote naamka usiku kumwaga mfuko, na sijawahi kukutana na mtu aliyeniuliza nalala vipi.

DAKTARI WA UPASUAJI

Kwa masharti mawili naweza kusogea. Tafiti ziwe za hospitali nyingi kwa pamoja, siyo kila chuo na watu wake arobaini. Na zipime vitu vinavyohesabika, kurudishwa wodini, ngozi, siku za kazi, pamoja na hayo madodoso.

MKAGUZI WA HESABU

Mimi sijasogea. Mahali ambapo mifuko ipo, sawa, jadilini kamati. Pale ambapo haipo, sitasaini shilingi ya utafiti kabla ya boksi la kwanza kufika.

MLETA MADA

Mkaguzi, basi saini vyote viwili kwenye karatasi moja: boksi lifike, na muuguzi anayelipeleka alipwe pia kuandika nani ngozi yake ilipona, nani haikupona, na kwa nini. Daktari, masharti yako yote mawili nayachukua.