Tungsteni inayeyuka nyuzi 3,422, sasa kwenye plazma ya nyuzi milioni 150 inaponaje?

Mkazuzu:
Wakuu habari za muda huu. Nasomea ufundi mitambo na hapa nimekwama. Kinu cha fusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati) cha ITER kule Ufaransa, plazma yake, yaani gesi iliyopata moto hadi atomi zikapoteza elektroni, inatakiwa ifike nyuzi milioni 150, na tungsteni ndo metali inayovumilia moto kuliko zote lakini 3,422 inayeyuka. Sasa ukuta wa ndani unaponaje? Na kwa nini nyuma yake waweke shaba ambayo 1,085 tu ishakuwa uji?

dada_maabara:
Mdogo wangu usiangalie nyuzi, angalia joto kiasi gani linatua kwenye kila mita ya mraba. Plazma ni nyepesi mno na sumaku zimeishikilia katikati, kinachoumia zaidi ni sehemu ya chini, daivata, ambako heliamu na uchafu vinatolewa. Ina vipande 54, kimoja tani 10 hivi, na panapopigwa zaidi pametengenezwa kuhimili megawati 10 kwa mita ya mraba muda wote, na 20 kwa vipindi vifupi.

Shaba ipo kwa ajili ya maji. Sufuria ya alumini juu ya mkaa haina neno maji yakiwemo, ukiisahau yakakauka kitako kinaondoka. Basi na kule bomba la shaba iliyochanganywa kromiamu na zirkoniamu limepenya katikati ya vitofali vya tungsteni, maji yanapita kwa kasi na presha, tena ndani kuna utepe uliosokotwa ili maji yazunguke, mana joto likizidi mvuke unatanda kati ya maji na bomba, si unaona tone la maji linavyokimbiakimbia kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto sana, limekalia mvuke, haligusi chuma. Ikifikia hapo maji hayapozi tena na bomba linaungua.

FundiBaridi:
Mi fundi friji ila kinachoniumiza kichwa hapo ni maungio. Shaba inatanuka karibu mara 4 ya tungsteni, ukizilehemu pamoja kila kinu kikiwaka moja inavuta nyingine imegoma, mwisho zinaachana. Nishawahi kulehemu bomba la shaba na la chuma kwenye kompresa, mafuta sikuyafuta vizuri, kwa macho panang'aa kabisa, wiki 2 gesi yote imeisha. Friji nafungua narudia, wao je?

dada_maabara:
Kaka umegusa penyewe. Ugumu wa hii kazi uko kwenye maungio kuliko kwenye tungsteni. Katikati wanamimina shaba safi laini, unene milimita 1 hivi, hiyo inakubali kunyumbuka ikameza ule mvutano, afu ndo wanaunga na bomba, ama kwa kulehemu ndani ya tanuri isiyo na hewa ama kwa kubana kwa joto na presha. Baada ya hapo wanapima kwa mawimbi ya sauti, mana doa dogo tu ambalo halijashika joto halipiti, kitofali kinaungua peke yake wenzake wamepoa. Hata uso wa kitofali unachongwa mteremko wa nusu milimita, kwa kuwa plazma inakuja kwa ulalo, kilichochomoza kinapigwa ukingoni.

Mkazuzu:
Asante sana dada, ya sufuria imeniingia. Na kaboni si haiyeyuki, mbona hawaitumii?

dada_maabara:
Inameza tritiamu, aina ya hidrojeni nzito, na tritiamu ndo mafuta yenyewe ya kinu. Kinu cha fusheni cha JET kule Uingereza waliitoa, tangu 2011 wakatumia beriliamu na tungsteni. Fuatilia na WEST, kinu kingine cha majaribio kule Ufaransa, Februari 2025 daivata yake ya tungsteni ilikaa na plazma sekunde 1,337 mfululizo.